Kifuko cha Kumi na Mbili

Riruta, Jumamosi alasiri

Ciru mwanangu,

Habari za neti ya mbu, dawa ya malaria na nauli ya kuweka kando nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaanza kuitikia kiitikio, kwa hiyo hapa sitazirudia. Umeenda mjini kuchukua tikiti ya basi la kukupeleka kwenye kambi yenu ya kuruka, ukapitie Woodley kuwaaga marafiki zako. Baba yako yuko nje kwenye baraza, anasikiliza mpira redioni na kumgombeza refa. Nimeifunika mashine ya kushona na sasa natumia meza yake kuandikia.

Barua hii utaikuta ndani ya begi lako kubwa, juu ya parachuti yako. Utakuwa umefungua ukitegemea kuikuta imekunjwa tayari, na jina langu kwenye kadi. Haijakunjwa, Ciru. Nimeisukumia humo ovyo ovyo kama nguo za kufua. Najua utakasirika, maana uliniona kwa macho yako nikiikunja Alhamisi hapa sebuleni, ukahamisha makochi mwenyewe ili nipate nafasi. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Alhamisi wiki iliyopita, tukiwa mezani, ulimwambia baba yako, "Dad, mimi siwezi panic kama wewe. Si ulivuta vibaya tu? Mimi nimesharuka mara kumi na saba, nimezoea." Baba yako alicheka, akajiongezea sukuma wiki. Mimi nikajifanya nimeenda kutafuta chumvi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia jambo hili uso kwa uso, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umepakia soksi. Mamako ni mwoga. Hilo nalo utalielewa ukiendelea kusoma.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilifanya kazi kwenye kiwanja cha ndege. Tulikuambia nilikuwa mshonaji, na ni kweli. Ilikuwa klabu ndogo ya warukaji, huku upande wetu wa magharibi, kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na stoo ndefu ya mabati. Siku hizi pamejengwa nyumba za kupangisha, na nikipita hapo nageuza uso. Waliniajiri kuziba miavuli iliyochanika. Sisi tuliita mwavuli, si parachuti kama nyinyi. Aliyekuwa akiikunja alikuwa Fundi Athumani, mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyejifunzia kazi hiyo jeshini. Alikuwa mkali, mwenye maringo ya kofia yake iliyodarizwa, na kahawa yangu hakuinywa hata siku moja kwa sababu alisema watu wa bara tunapika maji ya kuoshea vyombo. Aliniita Binti wa Bara. Baada ya mwaka mmoja alianza kunifundisha kukunja, bila kuniuliza kama nataka.

Stoo ile ilikuwa na mnara wa mbao mwishoni, ambamo miavuli iliyolowa ilining'inizwa ikauke. Ilikuwa mikubwa, myeupe, imeshuka kutoka juu kabisa mpaka karibu na sakafu. Hata siku ambayo hapakuwa na upepo wowote, ilijaa polepole, ikalegea, ikajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Fundi alisema ni joto la mabati linalopanda. Nilimwamini alipokuwapo. Nilipobaki peke yangu nilikuwa nahamisha kiti ili niketi nikiitazama, maana kuipa mgongo sikuweza.

Nyinyi wa kisasa mnakunja kwa magoti na viwiko, nimekuona. Sisi tulikunja juu ya meza ndefu, na ili mikunjo isifumuke tuliikandamiza kwa vifuko vya kitambaa vilivyojazwa mchanga. Fundi alivishona mwenyewe, vyekundu ili vionekane kwenye kitambaa cheupe, na mchanga aliutoa kwao. Vilikuwa kumi na viwili. Kila mwavuli ulipokaribia kufungwa, vifuko viliondolewa kimoja kimoja na kupangwa ukingoni mwa meza, kwa sababu kikisahaulika ndani, mwavuli hautafunguka sawasawa huko juu. Na hapa ndipo palikuwa na desturi yake. Aliyekunja hakuruhusiwa kujihesabia. Alisimama kando na kuuliza, "Vipo?" Mwenzake aliacha alichokuwa akifanya, akaja mpaka mezani, akakigusa kila kifuko kwa kidole, ndipo akajibu, "Vipo." Baada ya hapo ndipo mkunjaji alifunga na kuandika jina lake kwenye kadi.

Wakati mmoja nilimjibu nikiwa nimeinamia cherehani, bila kuinuka. Alikuja akazima cherehani.

"Binti wa Bara, wajibu nini?"

"Si viko hapo, Fundi? Naviona kutoka hapa."

"Umeona mezani pana wekundu. Hukuona vifuko. Njoo uvitie kidole, ama usinijibu kabisa. Mie niko radhi ningoje mpaka jioni."

Nilimwona mzee msumbufu. Mara elfu nzima vifuko vilikuwapo, na mara elfu nzima tulivigusa kwa kidole. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Swali likitoka, jibu linakuja, mpaka maneno hayo mawili yakawa sauti ya stoo yenyewe, pamoja na mlio wa mabati.

Kisha Fundi akaugua kifua, na kwa muda wa wiki mbili hakuja kazini. Akafariki. Mkubwa wa klabu, mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, aliniita akaniambia kuanzia sasa stoo ni yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikumwambia kwamba nahitaji mtu wa pili wa kuhesabu. Niliogopa ataona siwezi, atafute mwingine.

Jumamosi ya kwanza nilikunja miavuli sita peke yangu. Nilifanya polepole, kwa heshima, kila kitu kama alivyonifundisha. Mwavuli mmoja tu ulikuwa umening'inizwa mnarani siku hiyo. Nilikuwa nimefika kwenye wa tano au wa sita, kwa kweli mpaka leo sijui ni upi, nikaviondoa vifuko, nikasimama kando kama nilivyozoea, na mdomo wangu ukauliza wenyewe: "Vipo?"

Nikajibiwa.

"Vipo."

Ilikuwa sauti yake, Ciru. Si ya mbali na si ya kutisha. Ilikuwa na ule ukavu wake wa mtu aliyekatizwa shughuli. Ilitoka upande wa mnara, ambako alikuwa akisimama daima. Na jambo linaloniogopesha kuliko sauti yenyewe ni kwamba sikushtuka. Nilifunga mwavuli, nikaandika jina langu kwenye kadi, nikauinua nikauweka rafuni. Nilikuwa nimekwisha kutoka nje, nakunywa maji bombani, nilipokumbuka kwamba alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Niligeuka nikaitazama stoo. Mlango ulikuwa wazi, na ule mwavuli wa mnarani ulikuwa unajaa na kulegea. Sikurudi ndani. Nilifunga kufuli kwa nje, nikaenda nyumbani.

Sikuambii kulikuwa na jini. Mimi ni mtu wa kanisa, nawe unajua. Nimefikiri mambo haya miaka na miaka nikiwa nyuma ya cherehani, na naona sikio likingoja kitu kwa hamu, mwishowe litajipa lenyewe. Hivyo ndivyo ninavyojieleza mchana. Kuna siku nyingine maelezo hayo hayanitoshi.

Kosa hilo la kwanza lilikuwa la sikio, na nadhani Mungu amenisamehe. La pili sikulifanya kwa sikio.

Jumapili asubuhi nilifungua stoo mapema, nikapanga vifuko kwa ajili ya kazi ya siku. Vilikuwa kumi na kimoja. Nilivihesabu tena. Nikapiga magoti nikaangalia chini ya meza, nikavuta droo za nyuzi, nikakung'uta aproni yangu. Kumi na kimoja. Wakati huo miavuli yote sita ilikuwa imeshachukuliwa. Ndege ilikuwa imesimama kiwanjani, haijawashwa, na warukaji walikuwa wanapigana picha karibu na bawa. Kutoka mlango wa stoo mpaka pale ilikuwa kama hatua arobaini. Hatua arobaini, na neno moja tu la kusema: msipande.

Nilisimama mlangoni. Nilifikiri jinsi yule mkubwa atakavyonitazama. Nilifikiri kwamba miavuli sita itafunguliwa mbele za watu, Jumapili ya wageni itaharibika, na itasemwa msichana mweusi aliyepewa stoo ameshindwa wiki ya kwanza. Na nikajiambia, lakini nilijibiwa. Fundi alisema vipo. Ciru, nilijua yuko kaburini, na bado nilimfanya shahidi wangu. Nikajiambia kifuko kitakuwa kimeangukia kwenye kapu la viraka. Injini ikawaka. Nikarudi ndani kutafuta kwenye kapu la viraka.

Nilipotoka tena, ndege ilikuwa juu na watu walikuwa wanatoka. Mmoja akafunguka vizuri, wa pili vizuri, wa tatu vizuri. Wa nne akatoka, na kitambaa chake kikapanda juu yake kikiwa kimejikaza katikati, nusu imejaa na nusu imefumba, akaanza kuzunguka. Unajua kule chini huwezi kusikia chochote kutoka kwa mtu aliye juu, lakini mimi nilikuwa nasikia kitambaa kile kikipigapiga, na hata leo nikikung'uta shuka asubuhi huwa nausikia mlio ule. Alivuta ule wa akiba uliokuwa kifuani. Ulifunguka akiwa amekaribia ardhi. Akaanguka kwenye murram ngumu pembeni mwa njia ya ndege.

Alikuwa karani wa ofisi moja ya bima mjini, kijana mwembamba aliyekuwa akilipia masomo ya kuruka kwa kujinyima chakula cha mchana. Huo ulikuwa mruko wake wa sita. Aliitwa Njoroge, na wewe unamwita Dad.

Nyonga ilivunjika mara mbili. Siku ya tatu nilikusanya ujasiri nikaenda hospitali, nimebeba machungwa, nimeandaa hotuba nzima ya kuungama. Sikuitoa. Alikuwa amefungwa mguu juu, akanitazama, akanyoosha mkono kwenye kabati dogo la kando ya kitanda akatoa kifuko chekundu.

"Kitu yako hii," akasema. "Ilikuwa imejificha kwa kitambaa. Niliiona nikiwa nimelala hapo chini, kabla watu wafike. Nikaweka kwa mfuko."

Nililia mpaka nesi akaja kuuliza nani amekufa.

"Wacha kulia. Wameniuliza nini ilifanyika," akasema. "Nimewaambia nili-panic nikavuta vibaya."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Wewe uko na hii kazi moja tu. Mimi niko na ingine." Kisha akauliza kama machungwa ni yake au nimekuja nayo tu kutembea.

Kwa hiyo, mwanangu, baba yako hakuvuta vibaya. Alizunguka hewani bila kupoteza akili, akavuta ule wa akiba kwa wakati uliobaki, akiwa mrukaji wa mara sita tu. Hakuna mkufunzi wako hata mmoja ambaye angefanya zaidi ya hapo. Miaka yote hii amekubali kuchekwa, kwanza na klabu nzima, kisha na ndugu zake, na sasa na wewe, na mguu ule anauburuta kwa ajili yangu. Niliendelea kwenda kumwona hospitali kwa sababu ya aibu. Baadaye nikawa naenda kwa sababu ya yeye mwenyewe, na sikumbuki ni siku gani nilibadilisha. Wewe umetoka huko. Usiseme tena mezani kwamba ali-panic. Na kama unaweza, mwombe radhi kwa simu, lakini usimwambie nimelia nikiandika.

Niliacha kazi baada ya miezi miwili. Klabu haikujua kitu. Nikaanza kushona mapazia kwenye duka la Biashara Street, na unafahamu kutoka hapo kwenda mbele. Vifuko nilivichukua, kwa sababu Fundi hakuwa na mtu wa kumrithi huku bara. Kile chekundu alichonipa baba yako sikuweza kukirudisha na vingine. Nilikizika, usinicheke, kwenye kipande cha bustani nyuma ya choo cha plot niliyokuwa nimepanga chumba. Nikashona kingine cha kujaza nafasi. Kitambaa chekundu nilikikosa, nikatumia cha bluu. Ndiyo maana ulinikuta na vyekundu kumi na kimoja na cha bluu kimoja, ukaniuliza kama ni timu ya mpira.

Ulipokuja nyumbani mwaka jana ukatuambia umeruka, nilitaka kukufungia chumbani. Baba yako akasema, "Mwache. Hiyo kitu ni tamu, mimi najua." Nikakuacha. Tangu hapo umekuwa ukinieleza kila kitu kama mtu anayemfundisha mgeni, nami nimekuwa nikisikiliza kama mgeni, na mengi umeyasema vizuri. Mruko wa kwanza hukuweza kumeza mate. Wa tano ulisahau kuangalia saa ya mkononi inayoonyesha kimo, mwalimu akakugombeza. Wa kumi na mbili ulikagua kamba zako mara tatu. Wa kumi na saba ulipanda ndege ukiwa unaongea na simu, uliniambia mwenyewe ukicheka, ukamwuliza mwenzako kuhusu pini inayofunga mfuko wa mwavuli, "Pini yangu iko sawa?" akakuambia, "Iko poa."

Nilikuuliza kama alikuwa ameigusa.

"Mum, si aliiangalia."

"Aliiangalia au alikujibu?"

"Ai, Mum, unakuanga na maswali!"

Hapo ndipo nilipoanza kukuogopea kwa kweli. Mruko wa kwanza sikuogopa kama sasa, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa unaogopa kwa niaba yetu sote. Hofu yako ilikuwa inafanya kazi. Sasa imeanza kusinzia, nawe unaita hali hiyo kuzoea. Mimi nilikuwa nimezoea, Ciru. Nilizoea mpaka nikamsikia marehemu.

Umeniambia kuhusu kale ka-computer kanakofungua mwavuli wa akiba kenyewe ukichelewa. Nimefurahi kuwa kapo, na nakuomba usipande ndege bila kukawasha. Lakini usikapangie kazi. Ukianza kusema moyoni kwamba kuna kingine kitakachonishika, mkono wako utachelewa kidogo, na kesho kidogo zaidi. Umesema pia mkufunzi amekusifu, anataka uhamie kwenye mwavuli mdogo unaokwenda kasi. Labda ana haki. Labda pia anao wa kuuza. Mwambie unamsikia, ukae na huo mkubwa mpaka uchoke kabisa kutua nao kwenye upepo, bila upepo, na siku ambayo kichwa kinauma. Kupandishwa kabla ya wakati kulinifikisha kwenye stoo peke yangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na ningetoa chochote nirudishwe kwenye cherehani nikagombezwe mwaka mmoja zaidi.

Na siku ukiwa tayari umepanda, injini inawaka, halafu kitu kikakusumbua, hata usichoweza kukitaja, shuka. Watakuangalia vibaya. Mtu atapoteza nafasi yake. Utaona haya kiasi cha kutamani kuruka tu ili yaishe. Mimi nilikuwa na hatua arobaini, na aibu ndiyo iliyonishika mguu. Wewe utakuwa na ngazi moja tu.

Sasa nikuambie ya Alhamisi.

Baba yako alikuwa ameenda Dagoretti kununua nyama ya kukuaga. Wewe ulikuwa jikoni unakaanga chapati, redio ikiimba. Nilikuwa nimetandaza mwavuli wako sebuleni, mlango mpaka ukuta, na nilikuwa na furaha. Nakiri hivyo. Mikono ilikumbuka kila kitu. Nilikuwa najivunia kwamba mwanangu ataruka na mwavuli uliokunjwa na mamake. Hata kitambaa kilipojaa hewa kidogo katikati na kuinuka, kana kwamba mtu ameketi chini yake, nilikipapasa tu kikalala. Nilikipanga kikunjo kwa kikunjo, nikaviweka vifuko, nikaviondoa, nikavipanga kwenye mkono wa kochi. Nikasimama kando. Nikauliza kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa nimekufundisha jibu tangu ukiwa mtoto ukichezea vifuko hivyo:

"Vipo?"

"Vipo, Mum!"

Sauti yako kutoka jikoni, mdomoni kuna chapati. Nikatabasamu. Nikaingiza mwavuli kwenye mfuko wake, nikafunga, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu kwenye kadi. Nilikuwa nimeandika herufi ya mwisho niliposikia geti. Nikainua macho. Ulikuwa unaingia kutoka nje umeshika pakiti mbili za maziwa, viatu vina vumbi, ukaniambia, "Mum, kwa duka kuna foleni, nimekaa huko dakika ishirini."

Utakumbuka nilikuuliza umetoka saa ngapi. Utakumbuka ulinijibu, "Kitambo, si nilizima jiko nikakuambia?" Utakumbuka nilikutuma urudi dukani kununua kibiriti, na nyumbani tulikuwa na vibiriti vitano.

Jikoni redio ilikuwa inaimba. Hapakuwa na mtu.

Nilivihesabu vile vya kwenye kochi nikivigusa kwa kidole. Vyekundu kumi na kimoja. Cha bluu hakikuwapo.

Sikumbuki nilivyofungua ule mfuko. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti, navuta kitambaa chako nje kwa mikono miwili, kinatoka tu, kinatoka, sebule nzima ikajaa weupe. Kilikuwa ndani kabisa, kwenye mkunjo wa tatu, pale pale penye mizizi ya kamba. Kilikuwa na baridi. Siku ilikuwa ya jua, Ciru, na kile kifuko kilikuwa na baridi ya kitu kilichotoka ardhini.

Nikalikata jina langu kwenye kadi. Uliporudi na kibiriti, mwavuli ulikuwa begini na zipu imefungwa, nami nilikuwa napika chai. Unaona? Hata hapo sikukuambia. Miaka yote hii, na nilipoona macho yako nikashikwa na haya ile ile ya mlangoni mwa stoo. Uliniuliza, "Umemaliza kupack?" nikasema nimemaliza. Nisamehe.

Baba yako nilimwambia alipofika na nyama. Alikaa chini, akanyoosha mguu wake. Kisha akasema, "Mwambie. Na usingoje hospitali."

Basi nimekuambia. Sitakunjia mwavuli wako tena, wala mwingine wowote. Vifuko vyote kumi na viwili vimo kwenye mfuko wa pembeni, ukitaka kuvitumia. Kadi imo, na mstari wa jina uko wazi chini ya ule nilioukata. Ukunje mwenyewe, na akukague anayekuzidi ujuzi, na ule wa akiba usiuguse kabisa, uachie fundi mwenye cheti. Ukifika mahali pa kuuliza kama vipo, kama pini iko, kama kamba ziko, usijibiwe kutoka jikoni. Usijibiwe na mtu aliye nyuma yako, hata sauti ikiwa ya mwalimu, hata ikiwa ya rafiki yako, hata ikiwa yangu. Mwite aje mbele yako. Utazame kidole chake kikigusa. Utazame mdomo wake ukifunguka.

Redio ya baba yako imezimwa, nadhani mpira umekwisha. Jua limeshuka kwenye miti ya jirani na sasa sebuleni kuna kivuli, lakini bado naona kuandika. Nasikia geti. Nasikia viatu vyako kwenye kokoto, na sauti yako inaniita, "Mum, nimefika!"

Sijaitika, mwanangu. Nangoja kwanza nikuone mlangoni.

Mamako